Ukulele ya Kupeleka Jangwani

Kehau alikuwa amebakiwa na siku tano za kusema neno moja, baada ya wiki sita za kulimeza. Neno lenyewe halikuwa gumu kutamka: tunahama. Tiketi nne za ndege za kwenda Las Vegas zilikuwa kwenye droo ya jikoni, chini ya vijiko, za Alhamisi asubuhi, za kwenda bila kurudi. Mumewe alijua. Watoto walijua, nao walikuwa wameapishwa. Mwenye nyumba alijua kuliko wote, kwa kuwa ndiye aliyeiuza nyumba na kuwapa notisi. Asiyejua alikuwa mtu mmoja tu, na mtu huyo ndiye aliyekuwa ameshika usukani asubuhi hiyo ya Jumamosi, boksi la maandazi ya malasada ya moto ubavuni pake, akiimba kwa sauti ya juu.

Mzee Melvin alikuwa amejialika mwenyewe. Kehau aliponyokwa na neno tu kwenye simu kwamba anakwenda mtaa wa Kaimuki kutafuta ukulele ya pili, yaani lile gitaa dogo la nyuzi nne, na kumwambia Melvin kwamba unakwenda kununua ukulele ni sawa na kumwambia paka kwamba unakwenda kununua samaki. Saa tatu kamili alikuwa mlangoni, amevaa shati lake la maua la kwendea harusini, amenyoa ndevu.

Kwa damu Melvin alikuwa mjomba wake. Kwa kila kitu kingine alikuwa baba. Kehau alizaliwa na Ululani, dada yake Melvin, akapewa Melvin na mkewe kabla kitovu hakijaanguka, alelewe awe wao moja kwa moja. Hiyo ndiyo hanai, na visiwani kote hakuna familia isiyokuwa na mtoto wa namna hiyo. Baadaye Melvin alipata wana watatu wa kuzaa, wakakua, na kodi za nyumba zikawafukuza mmoja mmoja kwenda bara, ng'ambo ya bahari. Mkewe akafariki. Kila msiba na kila sherehe Melvin alimshika Kehau bega mbele za watu akasema maneno yale yale: "Wa kuzaa wameondoka, wa kupewa amebaki." Watu walimpigia makofi. Kehau alitabasamu, na kila mwaka tabasamu lile lilizidi kumwelemea.

Ingekuwa wanahamia mji mwingine wowote, angekwisha kusema. Lakini Las Vegas ndiko alikokuwa akiishi Ululani, mwaka wa kumi na moja sasa. Ululani ndiye aliyewatafutia nyumba ya kupanga, mtaa mmoja na kwake. Kehau alijua baba yake atasikia nini atakapoambiwa. Hatasikia kodi, wala kazi mpya ya mumewe. Atasikia kwamba alichopewa kimerudi kwa mwenyewe.

Mpango wake, kwa hiyo, ulikuwa huu: wanunue haraka, waende kula, amwambie mbele ya sahani. Njia ya mwongo ni fupi, lakini Kehau aliona yake bado ina urefu wa kumfikisha saa sita mchana.

Duka la Seichi lilikuwa chumba kimoja kirefu, ukulele zimening'inia ukutani mpaka darini. Seichi mwenyewe alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, miwani imekaa utosini, vidole vina gundi.

"We Seichi, bado hujafa?" Melvin alimsalimu, akaweka boksi juu ya kaunta.

"Nife halafu nani akuuzie nyuzi, Anko Melvin? Mwenzangu yeyote angekufukuza." Seichi alishafungua boksi. "Na huyu ndiye yule Kehau? Karibu, dada. Unatafuta nini?"

"Ya pili," Kehau alisema. "Saizi ya teno. Isizidi dola mia tatu. Ile ya kwanza ni ya Tutu, bibi yangu, ya mbao ya mti wa koa, ya kabla ya vita. Nataka nyingine ya... ya kubeba beba."

"Itakaa wapi?"

Lilikuwa ndilo swali la kwanza la Seichi kwa kila mteja, kabla hata ya bei, kwa sababu mbao nazo huugua kwa hali ya hewa. Alimuuliza akitafuna, bila nia yoyote mbaya. Kehau alihisi masikio yakimpata moto.

"Nyumbani."

"Ikae wapi tena, mwezini?" Melvin alisema. "Uliza maswali ya maana, bwana."

Seichi alimtazama Kehau nukta moja zaidi ya ilivyohitajika, kisha akashusha ukulele mbili, zote za bei yake, zote za mbao nzima, uso mwekundu wa mkangazi. Kehau alizigusa tu, hakuzipiga.

"Una za matabaka?" aliuliza. "Zile za mbao nyembamba zilizogandishwa."

Melvin aligeuka polepole. "Za nini?"

"Za matabaka, Baba."

"Plaiwudi? Unataka plaiwudi? Mjukuu wa mama yangu anataka kupiga mlango wa kabati?"

"Ni za kisasa, Anko," Seichi alisema. "Siku hizi zinalia vizuri."

"Hata chura analia vizuri kwa chura mwenzake. Kehau, sema kweli. Ya nini hiyo?"

"Ya ufukweni," Kehau alisema. "Watoto wanamwaga maji, mchanga, jua. Sitaki kuharibu mbao nzuri."

"Ufukweni! Mara ya mwisho kukuona ufukweni, rais alikuwa nani?"

Seichi alicheka, Kehau naye akajilazimisha kucheka. Seichi alikwenda nyuma akarudi na ukulele mbili za matabaka. Ya kwanza ilikuwa na sura ya kupendeza, imepakwa vanishi nyeusi inayong'aa, ina maua ya lulu kuzunguka tundu. Ya pili ilikuwa ya kahawia tu, haina pambo. Kehau aliichukua ile nyeusi, akakaa kwenye stuli, akapiga.

Alipaswa kusikiliza. Mtu akinunua chombo husikiliza: nyuzi zimekaa juu kiasi gani, vidole vinauma au haviumi, sauti ya juu kabisa inakubaliana na ya chini au zinagombana. Yeye alisikia moyo wake tu. Alipiga wimbo mmoja nusu, akasema, "Hii inafaa. Naichukua."

"Dakika moja umeshachukua?" Melvin alisema. "Viatu tu ulivaa na kuvua saa nzima, siku ile ya harusi yako."

Hakungoja jibu. Alikuwa ameanza kuzunguka dukani, mikono mgongoni, akipiga chafya kwa vumbi la mbao, na mzunguko ule ulimfikisha kwenye meza ya ufundi nyuma ya kaunta. Hapo alisimama. Juu ya kitambaa ililala ukulele ya koa, kifudifudi, na mgongoni mwake ulipita ufa kutoka juu hadi chini, mpana wa kuingiza sarafu.

"Mungu wangu," Melvin alisema. "Nani kaifanya hivi?"

"Haijadondoka, Anko. Ni ukavu tu. Imetoka kisiwa cha tisa."

Visiwa vyetu vikubwa ni vinane. Cha tisa ni Las Vegas, kwa jinsi watu wetu walivyojazana kule.

Kehau aliishusha ile nyeusi magotini.

"Mpumbavu," Melvin alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka, haikuwa ya mzaha tena. "Koa imekunywa mvua miaka mia, mtu anaichukua anaipeleka kwenye kikaango. Na wao wenyewe ni hivyo hivyo. Wanaondoka hapa wamenona, wanarudi kuzika mama zao, ngozi imewapasuka, wanauliza choo kiko wapi kama watalii. Kwa nini? Eti nyumba kubwa. Eti karakana ya magari mawili."

"Wengine hawana pa kwenda, Baba," Kehau alisema.

"Pa kwenda pako hapa! Nyumba yangu ina vyumba viwili vitupu."

Nyumba ya Melvin ilikuwa ya kupanga kama yao, na wote wawili walijua kwamba mwenye nyumba wake alikuwa anatafuta mnunuzi. Kehau hakusema hilo. Aliinamisha uso akajifanya anakaza uzi.

Ndipo lilipotokea lile ambalo hakuliwekea mpango. Melvin alirudi katikati ya duka, akatazama juu, akaonyesha kwa kidole. "Ile. Nishushie ile."

Ilikuwa teno ya koa, mpya, mbao nzima mbele na nyuma, mistari ya dhahabu imejipinda ndani ya wekundu. Bei yake ilikuwa mara tano ya ile aliyotaja Kehau. Seichi alipanda ngazi, akaishusha kwa mikono miwili. Melvin aliipokea, akaipiga mara moja tu, na duka zima likajaa.

"Hii ndiyo ya pili," alisema. "Inaweza kukaa karibu na ya mama yangu bila kuona haya."

"Baba, nilisema mia tatu."

"Umesema wewe. Nalipa mimi." Alikuwa ameshatoa kadi mfukoni. "Nyamaza, nisikilize. Wale watatu niliwapa kila mmoja nauli alipoondoka. Wa kwanza nauli, wa pili nauli na sanduku, wa tatu nauli na kochi langu. Juzi nikakaa nikajiuliza, na yule aliyebaki nimempa nini? Hakuna. Miaka yote hii hujawahi kupata kitu kwangu kwa kosa la kubaki. Basi leo unapata. Seichi, funga."

Kehau aliitazama ile kadi ikisafiri kuelekea kaunta. Angeweza kunyamaza. Angesema asante, akaenda nayo nyumbani, akaiacha kabatini kwa mtu, na Alhamisi akapanda ndege akiwa mwizi kamili. Seichi naye hakuipokea kadi. Alikuwa anamtazama Kehau, na macho yake yalisema kwamba yeye alishajua tangu lile neno "nyumbani", kwa kuwa wateja kama Kehau huwapata wawili watatu kila wiki.

"Usifunge," Kehau alisema.

"Usimsikilize."

"Itapasuka, Baba. Kufikia Krismasi itakuwa imepasuka kama ile."

Melvin alicheka kidogo. "Ipasuke na mvua yote hii?" Kisha kicheko kikaisha chenyewe. Alitazama ile ya matabaka mkononi mwa Kehau. Alitazama meza ya ufundi. Mtu angeweza kuona jambo likimwingia, polepole, kama maji kwenye kiatu.

"Lini?" aliuliza.

"Alhamisi."

"Alhamisi ipi?"

"Hii."

"Na mnafikia kwa nani?"

Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. "Mtaa mmoja na Anti Ululani."

Melvin alirudisha kadi mfukoni. Ilimchukua mara tatu kulipata tundu la mfuko. Seichi alichukua pakiti za nyuzi akaanza kuzipanga upya, ingawa zilikuwa zimepangwa.

"Kwa hiyo amekudai," Melvin alisema.

"Hajanidai. Nilimpigia mimi."

"Wewe ulimpigia. Mimi niko dakika kumi kwa gari, unampigia yeye."

"Kwa sababu wewe ungesema vyumba viwili!"

"Ninavyo viwili!"

"Mpaka Januari, Baba! Yule mtu anauza! Utatuweka wapi Januari, kwenye gari lako?"

"Damu imeita," Melvin alisema, na aliisema kwa uchungu ambao Kehau hakuwahi kuusikia kwake hata siku ya kumzika mkewe. "Miaka thelathini na sita nimejidanganya. Damu imeita, nawe umeitika."

"Damu gani? Kodi ndiyo imeita! Kila mwezi inaita, saa kumi na mbili asubuhi, na wewe hujawahi kuipokea simu yake!" Kehau alikuwa amesimama sasa, na machozi aliyoyazuia wiki sita yalimtoka bila adabu mbele ya mwenye duka. "Unafikiri sikutaka kubaki? Kila ukinishika bega mbele za watu natamani ardhi inimeze. Umenitundika ukutani kama kikombe cha mashindano. Kikombe hakilipi kodi, Baba. Mimi nalipa."

Nje basi lilipita, na ukulele zote ukutani zikatetemeka kidogo kwa mshindo wake.

Melvin alielekea mlangoni. Alifika, akashika kitasa, akasimama akiwa amewapa mgongo.

"Hiyo nyeusi usinunue," alisema.

"Nini?"

"Sauti yake inakufa shingoni. Ulipopiga juu ilikuwa inadanganya, nimeisikia kutoka kule. Utakuwa umelipia maua hayo tu." Hakugeuka. "Chukua ile ya kahawia. Iambie ikuonyeshe sauti ya juu kwanza. Na mwambie Seichi ashushe nyuzi, ziko mbali na vidole, utaichukia kabla ya mwezi."

Mlango ukajifunga nyuma yake.

Seichi alimletea Kehau karatasi za kufutia uso, kisha ile ya kahawia. Kehau alipiga sauti ya juu kwanza. Ilikuwa safi. Alipiga ya chini, ikaitikia ile ile, bila ugomvi. Alipiga ule wimbo wa awali, sasa mpaka mwisho, na vidole vikamuuma kweli kwa jinsi nyuzi zilivyokaa juu. Seichi aliichukua akaisugua kile kidaraja kinachobeba nyuzi kwa msasa robo saa nzima, akairudisha. Sasa ilikubali mkono. Haikuwa ya Tutu na haikujifanya kuwa ya Tutu. Ingeweza kukaa chumbani kwenye kiyoyozi, jua la nyuzijoto arobaini na tano limesimama nje ya dirisha, ikabaki nzima.

"Ya bibi unaipeleka?" Seichi aliuliza alipokuwa akiitia kwenye mfuko wake.

"Hapana. Inabaki kwa Baba."

"Vizuri. Mwambie aipige. Koa isipopigwa inalala." Alivuta zipu ya mfuko. "Mama yangu naye yuko kule, dada. Mwaka wa sita. Nenda salama."

Kehau alitoka akiwa na ukulele mgongoni, amejiandaa kukuta maegesho matupu. Gari lilikuwepo. Melvin alikuwa ameketi ndani, mlango wazi, mguu mmoja nje, simu imelala kwenye kiganja chake mbele ya mdomo. Masikio yake yalikuwa yamezeeka, kwa hiyo simu zake zote alizipiga kwa spika, zikasikika hadi kwa jirani. Kehau alisimama nyuma ya gari. Kusikiliza ni utovu wa adabu, alijua, na alisikiliza.

"Eh, Melvin," ilisema sauti ya Ululani. "Unapiga saa hizi? Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Kehau anakuja kwako Alhamisi."

"Najua."

"Najua kwamba unajua." Melvin alivuta pumzi. "Sasa tega sikio. Nakupa mtoto huyu, utumbo na mavi yake yote."

Kehau alishika bodi ya gari. Hayo ndiyo maneno ya wazee ya kutoa mtoto wa hanai. Husemwa mara moja tu, na maana yake ni kwamba unatoa kila kilichomo ndani ya mtoto, kizuri na kinachonuka, na kuanzia hapo huna dai tena, si leo wala siku ya kufa. Yalishasemwa juu yake kabla hajafumbua macho vizuri. Aliyeyasema alikuwa Ululani, na aliyeyapokea ndiye huyu aliyekuwa akiyarudisha sasa, sauti imenyooka. Kehau alitaka kukimbia mbele amnyang'anye simu, lakini alizidi kuishika bodi ile.

Melvin aliitazama simu kuona kama imekatika.

"Melvin, umerukwa na akili?"

"Nimekwambia nakupa—"

"Nimesikia unachosema, mimi si kiziwi kama wewe. Maneno hayo nilishayasema mimi. Nikiwa na miaka kumi na tisa, maziwa yananitoka kifuani mpaka nguo inalowa, niliyasema, na tangu siku ile sijageuka nyuma. Unajua yalinigharimu nini? Halafu leo unanirudishia kama sahani ya jirani?" Sauti yake ilikuwa inapanda. "Sipokei! Umesikia? Sipokei. Nina kitanda, nina mchele, nitamlisha yeye na wanawe mpaka washibe. Lakini huyo ni wako, utumbo na mavi yake yote, na ukimtaka mtoto wako panda ndege uje umwone, mzee mvivu wewe."

Simu ikakatwa.

Melvin alibaki ameikodolea macho. Kisha aliinua uso, akamwona Kehau kwenye kioo cha pembeni, amesimama na mfuko mgongoni, uso umevimba kwa kilio.

"Umemsikia?" alisema. Midomo yake haikutulia, machozi yalimdondoka kwenye maua ya shati, naye hakuyafuta. "Umemsikia huyo mwanamke? Amekukataa!"

"Nimesikia, Baba," Kehau alisema, akaingia garini.